Siku Neptuni Ilipoingia Kwenye Posa Yangu

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini haujapata kuniponza kama siku ile nilipokwenda kuposa kisiwani Nosy Be. Ulikuwa mwaka 1989. Nilikuwa mwalimu wa sayansi Mahajanga, pwani ya Madagaska, nimepanga chumba mtaa wa Tanambao, na siku zile redio haikuchoka kukitaja chombo cha angani kilichofika sayari ya Neptuni.

Kwetu sisi wenye asili ya Ngazidja, Visiwa vya Komoro, mposaji hasemi. Wanaosema ni wazee wake. Baba yangu mdogo, aliyekuwa mshenga, alinionya tangu bandarini: "Leo wewe ni mzigo. Umewahi kusikia gunia la mchele likijibu?" Nikaapa sitafungua kinywa ila kwa kula.

Mwenye neno la mwisho alikuwa mjomba wa binti, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Na mimi hakuwa na neno. Ugomvi wake ulikuwa na Mahajanga. Ni mbali mno, alisema. Na kwa bahati yangu mbaya, naye alikuwa msikilizaji wa redio.

"Tazama sayari," akamwambia baba mdogo. "Mshtarii ni baridi. Zohali inazidi. Urani, usiseme. Na hiyo Neptuni ya mwisho, hata shetani angetetemeka. Ukienda mbali na jua, baridi inaongezeka. Mtoto naye akienda mbali na kwao, ni vivyo hivyo."

Wazee wakaitikia kwa kichwa. Niliiona posa yangu inazama, na roho iliniuma, maana nilimpenda yule binti kweli. Lakini nisifiche: kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa amekosea.

"Siyo hivyo, mjomba," nikasema.

Baba mdogo akafumba macho. "Gunia limepasuka," akanong'ona.

Maji nilikwisha kuyavulia nguo, nikayaoga. "Neptuni iko mbali kuliko Urani, lakini haiizidi kwa baridi. Ina joto lake yenyewe, linatoka ndani."

Nyuma ya pazia mtu akacheka. Nilikijua kicheko kile, ndicho kilichonivusha bahari.

Mjomba akamgeukia baba mdogo. "Adabu hana," akasema, kisha akanirudia mimi. "Haya, hilo joto la ndani, nani atalipima?"

"Njoo upime mwenyewe, mjomba."

Tukaoana. Novemba ya mwaka uliofuata, bila barua wala taarifa, mjomba akapiga hodi kwetu Tanambao. Chai hakuitaka. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akamkuta mke wangu anakuna nazi, akamwekea kiganja shavuni, namna mtoto anavyopimwa homa. Hakukiondoa upesi.

"Joto lipo," akasema, na machozi yakamtoka.

Mahajanga, mwezi wa Novemba, hata jiwe la kivulini lina joto. Kipimo kile hakikuwa na maana yoyote ya kisayansi, na mimi nilikuwa mwalimu, nimesimama palepale mlangoni.

Nikanyamaza.