Fundi wa Helikopta ya Jeshi

Jeshi lenyewe lilikuwa dogo, kiasi kwamba mpishi wa kambi aliwajua karibu askari wote kwa sukari wanayotia kwenye chai. Lilikuwa na helikopta moja tu, na helikopta hiyo ilikuwa na fundi mmoja, sajini mrefu, mwembamba, aliyebandikwa jina la Bisibisi tangu akiwa kuruta. Wenzake walimtania kwamba ana wake wawili, wa nyumbani na wa chuma, na kwamba wa chuma ndiye anayeogeshwa kila siku. Bisibisi alicheka tu na kuendelea kupangusa grisi.

Kamanda wa kambi, Kanali, alikuwa mwenzake wa siku nyingi. Waliingia jeshini siku moja, wakalala chini ya blanketi moja, na katika matembezi ya mafunzo Bisibisi alimbeba mgongoni mwendo wa nusu siku alipoteguka mguu. Baadaye Kanali akamwoa mdogo wake Bisibisi, binti ambaye kaka yake alimlea mwenyewe baada ya wazazi kufariki. Mmoja akapanda vyeo, mwingine akabaki karakana. Wala hapakuwa na kinyongo. Mbele za watu ilikuwa "afande"; nyumbani ilikuwa "shemeji".

Siku mbili kabla ya gwaride la kumpokea rais mgeni, Bisibisi aliona ufa kwenye rafadha ya mkia, ile feni ndogo ya nyuma, mwembamba kama unywele. Akajaza fomu ya ukaguzi kwa wino mwekundu, akafunga kitambaa chekundu kwenye mlango wa rubani. Jioni Kanali akaja karakana.

"Shemeji, nini tena?"

"Ufa, afande. Hairuki."

"Dakika kumi tu. Ipite juu ya uwanja na bendera, irudi."

"Huo ufa utajuaje kwamba ni dakika kumi?"

Kanali akaangua kicheko, akamshika bega. "Haya, umeshinda. Hairuki. Keshokutwa pumzika nyumbani, umechoka mno."

Bisibisi alimwamini. Kwa nini asimwamini?

Asubuhi ya gwaride alikuwa ananyoa ndevu aliposikia mngurumo ambao angeutambua hata usingizini. Alitoka mbio, povu bado liko shavu moja. Helikopta ikapita juu ya mapaa, bendera ikipepea chini yake, kisha mkia ukaanza kuyumba, mashine ikazunguka kama pia na kuangukia kiwanja cha mazoezi. Rubani, luteni mwanamke aliyekuwa peke yake ndani, alitolewa hai. Mguu wake wa kushoto ulikatwa siku hiyo hiyo.

Kwenye bodi ya uchunguzi, maofisa watatu walimsogezea Bisibisi fomu ya ukaguzi. Haikuwa na wino mwekundu hata tone. Iliandikwa kwamba mashine ni nzima, na chini palikuwa na sahihi yake.

"Nilimwuliza fundi mwenyewe," alisema Kanali, macho yakiwa ukutani. "Akanihakikishia."

Bisibisi alimgeukia Kanali. Neno lililomtoka ni moja tu: "Shemeji!"

"Hapa hakuna shemeji, sajini," alisema mwenyekiti.

Alipewa siku mbili za kuandika maelezo yake. Mchana wa siku ya kwanza mdogo wake akaja, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Kaka, kubali tu yaishe. Wewe watakufukuza. Yeye atafungwa. Wanao wapo kwenye kazi zao. Wangu bado wadogo."

"Ile sahihi kaiweka nani?"

Mdogo wake akavuta mtandio usoni.

Bisibisi alishakuwa na jibu. Ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho hakuwa akiuweka yeye. Aliuweka mdogo wake huyu alipokuwa mtoto wa shule, kaka yake akiwa kambini, pale ripoti ilipohitaji sahihi ya mlezi. Wakati ule walikuwa wakiucheka pamoja.

"Alisema ni karatasi ya kawaida tu," dada mtu akasema kwa sauti ndogo.

"Na ulipojua si ya kawaida?"

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mbele ya bodi Bisibisi alisema, "Fomu hiyo sikuisaini. Zaidi ya hapo sina neno." Jina la dada yake hakulitaja. Alivuliwa cheo, akarudisha sare na buti, akatoka getini kwa miguu.

Alifungua banda la kutengeneza pampu za maji. Mwaka mmoja baadaye rubani alifika hapo kwa magongo.

"Kile kitambaa chekundu nilikiona usiku wa kuamkia gwaride," alisema. "Asubuhi hakikuwepo. Nikadhani umeshatengeneza. Niliwaambia bodi, wakasema nimegonga kichwa, sikumbuki vizuri."

Bisibisi akaweka spana chini, akalia mbele yake bila haya. Rubani ndiye mtu pekee aliyewahi kuja kumwambia hivyo.

Kanali sasa ni Brigedia. Mwezi uliopita mkewe alishuka kwenye gari mbele ya banda, akasimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Shikamoo, kaka."

Bisibisi aliinua uso, mikono ikiwa ndani ya pampu.

"Marahaba," akasema. "Umeleta pampu, mama?"

Akatikisa kichwa kwamba hakuleta. Bisibisi akaendelea kufungua nati.