Siku Tulichimba Salon Kumutafuta Mutu wa Télé

Mi niko mwanamuke wa kusema wazi, kwetu Kasulo, mutaa ya bachimbaji, batu banajua mudomo yangu, kwa hiyo haya hii nitaisema mi mwenyewe, kabla ya jirani kuendelea kuisema vibaya: mi, nkambo wa bajukuu kumi na mumoja, mwenye kusimamia bamama ba chorale ya kanisa, nilikuwa nachezaka jeu, muchezo ya mupira ku télé, kwa siri, na hiyo jeu njo ilivunjisha nyumba yangu.

Console, mashini ya ile jeu, ilikuwa ya mwanangu, alituachia wakati alienda kutafuta kazi Likasi. Binti yake Masengo, mwenye ninakaa naye, hakuwa na wakati wayo, juu alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo, anasoma kwa examen d'État, mutihani ya serikali, asubui mpaka mangaribi. Siku moja nikashika manette, kile cha mukononi cha kuchezea, ili niipanguse vumbi (ndiyo, vumbi), na kisha ya juma mbili nilikuwa najua kupiga coup franc, mupira wa faulo. Lakini ku chorale, kama mama mumoja analalamika mutoto wake anashinda ku jeu, mi njo wa kwanza kumujibu: "Ile ni kazi ya bavivu. Mupatie mufagio."

Wakati ule kampuni ya mine ilikuwa imepata udongo wa quartier yetu, mutaa muzima, na shi benyeji tulikuwa batu ba kufukuzwa. Commission, bale ba kuandika nyumba ya kuvunja, ilitangaza hivi: nyumba yenye iko na shimo ndani itavunjwa juma hii (na Kasulo ilikuwa nyingi, batu balichimba cobalt mu chumba cha kulala, kitanda pembeni), nyumba yenye haina shimo itangoja mpaka examen ipite. Mi sikuchimba hata siku moja. Niliapa mbele ya chef wa quartier, mukono juu, na tukabakia kungoja commission ikuye kuandika. Masengo aliniambia, "Nkambo, mi nalomba tu hii nyumba mpaka examen. Kisha bakatutupe kwenye banataka."

Sasa angalia akili yangu. Mu hiyo shida yote, nikaenda mujini kununua jeu mupya. Muuzaji alikuwa mutu wa kweli, sina cha kumulaumu.

"Mama, hii imetoka sasa sasa. Ila benye kuitengeneza habayaimaliza."

"Habayaimaliza, na weye unaiuzisha?"

"Njo namna ya siku hizi, mama. Banauzisha kwanza, kisha banatuma yenye ilibakia na connexion ya internet."

"Na mwenye hana connexion?"

"Anacheza vile iko. Anavumilia."

Mi, mwenye kurudishaka mukate ku muuzaji kama katikati haikuiva, nikafunga ile disque mu kitambaa, nikarudi nayo.

Siku ya tatu, saa nane ya muchana, Masengo iko ku masomo, mi niko ku salon, chumba cha kukaribisha bageni, na manette. Jeu yenyewe ilikuwa maajabu. Golikipa hakuwa na uso, macho na meno tu inaelea. Arbitre, mwamuzi, alikimbia kipindi nzima kinyumenyume. Mupira ilipita mu tumbo ya batu sawa moshi. Nikavumilia. Ilibakia dakika mbili, mushambuliaji wangu peke yake mbele ya goli, na pale majani ikafunguka, akaingia chini: miguu, kiuno, kifua, kichwa, mukono moja ikabakia juu inatikisika. Na saa ile ile, ku mine ya karibu bakapiga baruti yao ya kila siku, nyumba ikatetemeka mpaka vikombe ikalia.

Mutu wa mahali pengine angeseka. Mi niko wa Kasulo. Mukono yenye inabakia juu ya udongo nilikwisha kuiona, na haikuwa ku télé. Kichwa haikufikiri kitu, miguu ikatoka inje, nikashika sufuria na mwiko, nikapiga. Kwetu, sufuria ikipigwa vile, ni kusema shimo imeanguka na mutu iko chini, na hakuna mwenye anauliza, anabeba bêche, jembe yake, anakimbia.

Balikuya kama makumi tatu. Mbele yao Tata Ilunga, jirani yangu, muzee mwenye alifanya kazi ya mine tangu kijana.

"Iko wapi, Mama?"

Hapa njo kosa yangu. Akili ilikuwa imekwisha kurudi, ningesema tu, Tata, ni jeu. Lakini nyuma yake nikaona Mama Feza wa chorale, yule nilimuambia ampatie mutoto mufagio. Nikasema, "Nilisikia mutu. Chini ya salon."

"Salon yako? Weye si uliapa?"

"Nilisikia tu."

"Basi ni mwenye anachimba toka parcelle ingine, kiwanja ya jirani, anatokea kwako," akasema Tata Ilunga (na ilikuwa inawezekana, mashimo ya kwetu inatembea chini sawa panya). "Toeni vitu, vunjeni simenti."

"Polepole, Tata, pengine nilisikia vibaya."

"Mama, mutu anakufa, weye unalilia simenti?"

Bakasukuma télé ku ukuta, bakavunja. Bamama ba chorale bakanilomba niongoze sala kwa ajili ya ule mutu mwenye iko chini, na mi, Mungu anisamehe, nikaongoza, tena sala ya murefu. Bakafika kiuno, bakafika mabega. Kijana mumoja akalaza sikio ku udongo akasema, "Nyamazeni, namusikia anagonga." Hakukuwa na mutu, lakini batu bakitaka kusikia, banasikia.

Njo vile commission ikatukuta. Tata mwenye alibeba registre, daftari ya nyumba, akaingia, akaangalia shimo, akaniangalia mi.

"Mama, hii njo nyumba yenye haina shimo?"

Nikasema yote. Tata Ilunga akatoka mu shimo, udongo mpaka ku nyusi. "Mutu wa nini?"

"Wa télé."

Bakageuza télé. Nilitaka baone ile mukono, nikue na mushahidi. Mushambuliaji wangu alikuwa amesimama juu ya majani, safi, mikono ku kiuno.

"Cheza tuone," akasema wa registre.

Nikakaa pembeni ya shimo na manette, mbele ya avenue yote, namukimbiza yule mutu pale pale, namulomba aanguke. Hakuanguka. Alipiga goli. Hata golikipa alikuwa amepata uso.

"Mama, nikuletee mufagio?" akauliza Mama Feza, polepole, na heshima.

Batu baliseka mpaka bengine bakakaa chini. Wa registre hakuseka, alikuwa anaandika.

"Tata, hiyo shimo imechimbwa leo. Bote hapa baliona."

"Mama, registre haiulizi ni lini. Inauliza iko ao haiko."

Nyumba ilivunjwa siku ya tano. Tulihamia mbali, kupita mutaa ya Kapata, mu chumba kimoja, na Masengo alifanya examen yake kwa kuamuka giza na kutembea. Alifaulu, na hapo mi sina sifa. Siku ya tatu kisha ya kuhama akaniambia, "Nkambo, bangekuseka juma moja tu."

"Najua."

"Na mi ningekuseka."

"Nimesema najua."

Benye kuuzisha kitu nusu nilibatukana sana njiani, lakini beye balisema wazi kama haijaisha. Mwenye alidanganya ni mi. Kuacha manette haikunisumbua. Yenye iko ngumu ni hii, na nimeapa: siku nitafanya tena ujinga, nitausema kabla mutu wa kwanza hajainama kuchimba.