Pale Aliposimama Baba

Baba alikuwa nyapara wa kupakia magogo ya mninga kwenye mabehewa, hapa Tabora, enzi za Mwingereza. Gogo lilivutwa kwa kamba likipanda juu ya miti miwili iliyoinamishwa hadi kwenye behewa, na wavutaji wote walikaa juu. Baba peke yake alisimama chini, nyuma ya gogo. Alisema pale ndipo anapoona kama ncha zote mbili zinapanda sawa. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba kamba ikikatika, gogo lingepita palepale.

Vijana walilijua hilo, lakini nani angemwambia? Mtu uliyemwamkia shikamoo asubuhi humfundishi mchana pa kuweka miguu. Aliyeweza ni mvuta kamba mmoja, Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu wazee wetu walipobeba pembe za ndovu hadi pwani, na mtani haulizwi adabu. Hata msibani ndiye anayejilaza kaburini kabla ya maiti, ili wafiwa wacheke. Basi kila mara baba aliposimama pale, Mzaramo kwanza alikataa kuvuta. Alishuka, akajilaza miguuni pake, akapima ardhi kwa shibiri huku akiomboleza.

"Jamani, Mnyamwezi wangu! Kafa, na ubishi wake haujapoa!"

Watu waliangua kicheko, baba akatukana, akasogea pembeni. Nilikuwa nikimpelekea chakula kutoka mtaani kwetu, Ng'ambo, nikayaona hayo mara nyingi. Nilimhesabu Mzaramo yule kuwa mpuuzi tu.

Siku moja Mzungu mwenye mbao alikuja na wageni, akauliza yule aliyelala chini anaumwa nini. Hakuna aliyejua pa kuanzia kumweleza. Baba aliona haya, na baba akiona haya hukasirika.

"Kuanzia leo, hapa kazini sina mtani," alisema. "Atakayenichezea atafute kazi kwingine."

Mzaramo akanyamaza, na wengine wakazidi kunyamaza. Kazi iliendelea vizuri, hata Mzungu aliisifu. Masika yalipokaribia kwisha kamba moja ikakatika, gogo likashuka. Hospitalini walimkata baba mguu, chini kidogo ya goti.

Mzaramo alikuja kumjulia hali nikiwa namlisha uji. Alisimama mlangoni, akasema, "Shikamoo." Hakuwahi kumwamkia hivyo hata siku moja, na baba hakuitikia.

"Uliniona nimesimama pale?" baba alimuuliza.

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Ulinikataza, nyapara. Ningesema, ningekosa kazi."

Nilitamani kumrushia bakuli la uji. Baba, ambaye nilidhani angepiga kelele hadi wauguzi waje, alilitazama shuka pale lilipolala bila kitu chini yake.

"Usiniite nyapara," alisema. "Nitukane."

Mzaramo alifungua mdomo. Alijaribu, akajaribu tena, tukamsubiri, na tusi halikutoka.