Baba kwenye Keria ya Aluminiamu

Nilirudi kutoka Ulaya na stashahada ya ufundi mitambo na sanduku la spana. Wenzangu waliorudi mwaka ule walikimbilia maofisini kutafuta kiti. Mimi nilikodi chumba kimoja Mkuyuni, Mwanza, nikaitundika stashahada ukutani juu ya benchi la kazi, nikaanza kujitengenezea jina kwa mikono yangu. Sikubebwa na mtu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Vitu tulivyovipangia foleni zamani sasa vilimwagwa chini kando ya barabara, mtu anachagua. Kwenye makontena ya mitumba, katikati ya magodoro na majokofu, zilikuja baiskeli za milimani: tairi nene zenye meno, usukani ulionyooka kama mpini wa jembe, gia kumi na nane. Watu walizinunua kwa sura, wakazichoka baada ya wiki mbili. Ziliunguruma kwenye lami, hazikuwa na madigadi wala mahali pa kufungia hata mfuko wa unga. Mimi niliona kitu ambacho hakuna fundi mwingine Mwanza aliyekiona. Kule nilikosoma nilikuwa nimewaona watu wazima wakivuka nchi nzima kwa baiskeli, mizigo imening'inia pande zote mbili za magurudumu. Nilijua fremu ya baiskeli ya milimani, ukiivua yale makucha, ni fremu ya safari ndefu.

Ya kwanza nilijitengenezea mwenyewe. Nilitoa tairi za meno nikaweka nyembamba. Nilitoa usukani ulionyooka nikaweka wa kupinda chini, wenye sehemu tatu za kushika ili mikono isife ganzi. Nilibadilisha gia moja ya nyuma iwe nyepesi kwa vilima vyetu. Mwisho nikafunga keria ya aluminiamu niliyokuja nayo kwenye sanduku, nyepesi kama fimbo ya mwavuli. Fremu haikuwa na matundu ya keria, kwa hiyo niliibana kwa vibanio na skrubu.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi mzee aliyechomelea keria za nondo kwenye baiskeli za Kichina. Alikuja akaitikisa keria yangu kwa kidole kimoja.

"Injinia, hii ni ya kubebea nini?"

"Shikamoo, mzee. Kilo ishirini na tano. Nguo, hema, vyombo."

"Marahaba. Na mtu?"

"Hii si ya kubeba mtu, mzee. Ni ya safari."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Utasafiri wapi katika nchi hii watu wasikuombe lifti? Lete nikuwekee nondo mbili."

Nilimwambia nondo zingeharibu uzani wote nilioupigia hesabu. Alirudi kwake bado anacheka.

Wiki ileile zikaja habari kutoka nyumbani, upande wa Sengerema. Baba yangu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa ameanza kuwatambua ng'ombe wake kwa kuwapapasa. Sasa daktari wa macho angefika hospitalini Sengerema kwa siku moja tu, Alhamisi, na majina yangeandikwa mpaka saa sita mchana. Safari yake nyingine hakuna aliyejua ingekuwa lini.

Jumatano nilipanda baiskeli yangu mpaka Kigongo, nikavuka kwa kivuko hadi Busisi, nikafika nyumbani jua lingali juu. Watu walitoka nyuma ya uzio wa minyaa kuniangalia. Baba alikuja akishika njia kwa fimbo, akaupapasa usukani, akauzungushia vidole pale unapopinda.

"Umeukuta umepinda au umeupinda wewe?"

"Nimeuchagua hivyo, baba."

"Haya, msomi."

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa ameshaandaa mkokoteni wa ng'ombe. Mpango wao ulikuwa kuondoka saa tisa za usiku ili wafike mapema. Nikawaambia waache. Kilomita ishirini na mbili? Kwa baiskeli yangu ni saa mbili, tena mzee atakuwa amelala usingizi wake wote. Shemeji aliniangalia, akaiangalia keria, akaenda kuuweka mkokoteni kando. Mama aliuliza.

"Una hakika?"

"Mama, mimi nimesomea haya."

Basi shemeji akapakia pamba yake kwenye mkokoteni, akaondoka nayo usiku kwenda kuiuza upande mwingine kabisa. Hilo ndilo ningelirudisha nyuma kama ingewezekana. Nilikuwa nimeondoa njia ya uhakika nikaweka yangu mahali pake.

Asubuhi saa moja baba alitoka amevaa koti lake la kanisani na kofia. Nilikuwa nimepanga akae kwa kutanua miguu, uzito uwe katikati. Alikataa. Mzee mzima hawezi kukaa hivyo mbele ya watu. Akakaa upande, miguu yote kushoto, kama watu wote wakaavyo kwetu. Hapo ndipo nilipoielewa hesabu yangu. Nilikuwa nimepima kilo ishirini na tano zilizogawanywa sawa, kulia na kushoto. Baba alikuwa na kilo zinazokaribia themanini, zote upande mmoja.

Ningeweza kusema. Majirani walikuwa wamesimama, mama amesimama. Nikakanyaga pedeli.

Saa nzima ya kwanza sikusikia kitu kingine ila ile keria. Kila kijiwe ilisema tiki. Nilipanda vilima kwa gia nyepesi, na kwa kweli gia zile zilifanya kazi ambayo baiskeli ya Kichina isingeiweza hata kwa dawa. Baba alikuwa ananihadithia habari za ndama. Nilimjibu "ndiyo, baba," masikio yangu yako nyuma. Tiki. Kisha tiki-tiki.

"Mbona umenyamaza?"

"Naangalia njia."

"Hata mimi ningependa kuiangalia," akasema.

Tulipoteremka kuelekea kwenye daraja la magogo, keria ililia mara moja kama kijiti kikavu. Mguu wa kushoto wa keria ulikatika, baiskeli ikayumba, nikashika breki zote mbili. Baba aliteleza taratibu akasimama kwa miguu yake, kofia kichwani, kama mtu aliyeshuka kituoni.

"Tumefika?"

Ilikuwa saa tatu kasorobo. Tulikuwa tumebakiza kama nusu ya njia. Goti la baba halikuruhusu kutembea hata kilomita mbili. Nilisikiliza kama kuna gari. Hakuna. Nilifungua mfuko wa spana niliouvaa begani, nikajaribu kuiunga keria kwa waya, ikakatika tena nilipoiegemea kwa mkono.

"Mkokoteni wa shemeji yako ungekuwa umefika sasa," baba alisema, bila hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

Nyuma yetu akatokea mtu wa mkaa. Alikuwa na magunia matatu kwenye baiskeli ya Kichina, anaisukuma huku akitembea, mti mmoja umefungwa kwenye usukani kutokea kando, mwingine umesimama nyuma ya siti. Watu hao nilikuwa nawapita kila siku nikiwahurumia: mtu ana baiskeli halafu anatembea. Alimwamkia baba, akaniangalia mimi, akaiangalia keria mkononi mwangu.

"Kaka, hiki ni kitu gani? Antena?"

"Keria."

"Ya kubebea redio?" Akaegemeza mkaa wake. "Mzee unampeleka wapi?"

Nikamwambia. Hakutania tena. Alichomoa panga, akakata miti miwili kwenye kichaka. "Mpandishe kwenye siti yako, ashike huo usukani wako wa pembe. Wewe shuka. Mzigo mkubwa haupandwi, unasukumwa."

Nikakata tyubu yangu ya akiba vipande virefu, tukaifunga ile miti kwa nguvu zote. Baba akapanda kwenye siti, miguu imetulia kwenye pedeli, mikono imeshika usukani wa kupinda. Nilishika mti wa nyuma kwa mkono wa kulia na wa usukani kwa kushoto. Nikasukuma. Baiskeli ilikwenda imenyooka kama imewekwa kwenye reli.

Nikaanza kukimbia. Kwenye vilima nilisukuma kwa bega. Kwenye tambarare nilikimbia mpaka pumzi ikawaka kifuani. Baba alihesabu kengele za ng'ombe tulizozipita na kuniuliza saa kila mara, nami nilikuwa na saa ya mkononi ya Ulaya isiyokosea hata dakika. Saa nne na nusu. Saa tano na robo. Saa sita kasoro ishirini nikaona mabati ya hospitali. Muuguzi alikuwa ameshafunika daftari la majina. Nilisimama mbele yake nikihema, nikamwonyesha baba kwa kidole. Akalifunua. Jina la baba lilikuwa la mwisho ukurasani.

Walimfanyia jicho moja. Kesho yake bandeji ilipotolewa, alikaa barazani akatazama mikono yake, kisha mimi, kisha baiskeli iliyoegemea nguzo, miti yake miwili bado imefungwa.

"Na hivi vijiti umetoka navyo Ulaya?"

"Hapana, baba."

Jioni shemeji alifika na mkokoteni. Baba alisimama katikati, akaitazama baiskeli, akautazama mkokoteni, jicho moja likifanya kazi ya mawili. Akavua koti, akanikabidhi.

"Wewe tangulia na hili. Hili baiskeli yako inaliweza."

Akapanda mkokoteni. Nilikunja koti, nikalifunga kwa tyubu nyuma ya siti, nikakanyaga. Lilifika nyumbani kwa mwendo wa saa mbili na dakika tano, kabla ya mwenyewe, na mpaka leo sijasikia mkokoteni uliowahi kukaribia muda huo. Jumatatu nilipofungua Mkuyuni, kabla sijagusa spana nyingine, nilivuka barabara nikamwomba mzee wa nondo aniuzie mbili.