Koti la Mjane

Mzee wa kanisa letu huzungumza kwa upole, ila upole wake husikika hadi viti vya nyuma. Tangu alipompa mjane mmoja koti lake kuukuu, kila Jumapili humngoja mlangoni, humweka sawa ukosi kwa vidole viwili, humpangusa mabegani vumbi lisilokuwapo, kisha huwageukia waumini: “Mnaona lilivyomkaa? Mimi si kitu, jamani. Ni Bwana tu.” Mjane hushukuru. Asiposikika vizuri, mzee humtegea sikio, naye hushukuru tena.

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha kweli kweli, na mjane akaja na gauni tu, limelowa chepechepe. Vidole viwili vya mzee, vilivyokwisha kunyooshwa, vilibaki hewani.

“Mama, koti letu liko wapi?”

“Nimeliacha msumarini, mzee wangu,” akajibu, meno yakigongana. “Lipumzike kidogo. Limechoka kushukuru.”

Ndani mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee hakukasirika. Alifumba macho, akaanza kumwombea mjane moyo wa unyenyekevu. Maombi yalikuwa marefu, na kwa kuwa mwombaji alikuwa ameuziba mlango, mjane aliyasikiliza yote akiwa mvuani.