Vuta Mara Mbili

Nimekaa baraza moja na Bi Funguo miaka kumi na moja, yeye na makufuli yake, mimi na viatu vyangu, katikati yetu ukuta wa plaiwudi usiozuia hata chafya. Yeye si msemaji. Mimi ndiye msemaji, na amewahi kuniambia kwamba katika kazi yake yote hajaona kufuli la kunitosha mdomoni.

Kazi aliirithi kwa baba yake: jiliwa moja la chuma la kubania kazi, tupa tatu, kopo la waya na springi, na sheria moja ya nyumba. Kufuli haliachwi likining'inia wazi. Unafunga, unavuta mara mbili, ndipo unaondoka. Nimemwona akipita njiani akavuta kufuli la duka la mtu asiyemjua, kisha akaendelea na safari yake. Mdogo wake alikuwa vivyo hivyo. Bi Funguo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamfundisha na ufundi, na kijana akaja kuwa hodari kama yeye. Nilizoea kuwatania kwamba hata siku ya kiyama wale wawili watachelewa, watakuwa wamerudi kuvuta mlango.

Sasa, nyuma ya barabara yetu kuna chuo cha ushonaji. Jumatatu moja asubuhi mwalimu mkuu alifunguliwa stoo na mlinzi akakuta cherehani sita hazipo. Kufuli lilikuwa limefungwa sawasawa, zima kabisa. Alikuwa amelinunua kwa Bi Funguo, na siku aliyolinunua nilimsikia Bi Funguo kwa masikio yangu akimwambia, "Hili halifunguki bila ufunguo wake, mwalimu. Mwizi atahitaji msumeno na asubuhi nzima."

Ufunguo alikaa nao mlinzi, Mzee Koti, tuliyempa jina hilo kwa sababu koti lake haliondoki begani hata jua liwe la kupasua mawe. Polisi hawakujisumbua kufikiri. Kufuli zima, ufunguo mmoja, mzee mmoja. Wakamchukua. Kisha mpelelezi akaja barazani kwetu kumwomba Bi Funguo afike kituoni Alhamisi saa nne, aandikishe yale maneno aliyomwambia mwalimu. Alikubali bila wasiwasi. Kwake lilikuwa jambo la kweli.

Jumatano mchana mdogo wake alikuja. Nilimsikia akivuta kigoda.

"Dada, kesho usiandikishe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu linafunguka."

"Nani kakwambia?"

"Nimelifungua mimi."

Sindano yangu ilisimama katikati ya soli.

Akaeleza yote, kwa sauti ya chini, lakini plaiwudi ni plaiwudi. Rafiki yake mwenye gari la mizigo alikuwa amemcheka wiki nzima kwamba mbele ya kufuli la dada yake yeye ni mwanafunzi tu. Jumapili alasiri, katika ile mvua kubwa, Mzee Koti akiwa amejikinga kwenye kibanda cha geti la mbele, walipita nyuma. Alilifungua kwa waya na bapa la chuma. Wakapakia cherehani. Gari likiwa linanguruma na mwenzake akimfokea waondoke, yeye akashuka tena.

"Ukashuka kufanya nini?"

"Kulifunga."

"Ukavuta?"

"Mara mbili. Mkono ulienda wenyewe, dada."

Mwizi mwingine yeyote angeliacha likining'inia, na Mzee Koti angelaumiwa kwa kujikinga mvua, basi. Lile lilikuwa kosa la nyumba ile tu.

Kisha kijana akaanza kulia. "Sema hukumbuki ulichomwambia mwalimu. Watamwachia mzee kwa kukosa ushahidi."

"Na wasipomwachia?"

Nikasikia kigoda kikikwaruza sakafu.

"Kesho saa nne nakwenda kituoni," dada yake akasema. "Twende wote, useme kwa mdomo wako. Usipokuja, wataniuliza na nitajibu."

"Mimi ni ndugu yako wa tumbo moja."

"Ndiyo maana nakupa mpaka kesho. Mtu baki nisingempa hata dakika moja."

Alipoondoka nilizunguka ukuta. Najua, ningekaa kimya. Nilimkuta amesimama mbele ya jiliwa, ameshika tupa bila kuitumia, macho mekundu. Nikamwambia yale ambayo kila mtu angemwambia: "Jirani, damu ni nzito kuliko maji. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na Mzee Koti mwilini ana nini? Maji?"

Akaiweka tupa chini.

"Yule mzee amefungwa na mdomo wangu, fundi. Nilijisifu mbele ya mwalimu, na sifa zile ndizo zilizomtia ndani. Mama aliniachia huyu mtoto nimlee. Hakuniachia nimfiche."

"Watu watajua makufuli yako yanafunguka."

"Wajue."

Nilirudi kwenye soli yangu nikiwa na aibu. Usiku, nasikia, hakulala, lakini asubuhi alifika kazini na nguo zilizopigwa pasi, akatia waya na bapa la chuma kwenye mkoba. Mdogo wake alikuja saa tatu na nusu. Hakusalimia. Bi Funguo akafunga duka siku ya kazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akavuta mara mbili, wakaondoka. Nikafunga na mimi nikawafuata. Umbea nao una miguu, ila siku ile ninaapa sikwenda kwa umbea.

Kituoni kijana aliishia kwenye benchi la nje. Dada yake hakumsukuma wala kumbembeleza. Aliingia peke yake na mlango ukabaki wazi, nami nikasimama kando ya benchi. Mpelelezi alikuwa amekwisha kuandika maelezo, kalamu iko juu, inangojwa sahihi tu. Kando yake kufuli la stoo.

"Karatasi hii ina uongo," Bi Funguo akasema, "na uongo wenyewe ni wangu. Niliusema bila kujua."

Akatoa waya na bapa. Sikufika hata kuhesabu thelathini, kufuli likafunguka.

Mpelelezi aliliangalia, akamwangalia yeye. "Wangapi mjini humu wanaweza kufanya hivyo?"

"Wawili. Mmoja ni mimi."

Nikamgeukia kijana. Alikuwa akitazama geti la kituo. Lilikuwa wazi, halina mtu. Ndani, mpelelezi aliuliza, "Na wa pili?" Nikaona Bi Funguo akivuta pumzi ili ajibu, maana angejibu, nawaambia, jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Kijana akasimama. Akapita mbele yangu, akaingia.

"Wa pili ni mimi."

Dada yake hakugeuka. Ila mabega yake yalishuka, na mkono wake ukatafuta ukingo wa meza ukaushika.

Kijana akataja kila kitu, rafiki, gari, na banda zilikofichwa cherehani. Kabla ya adhuhuri Mzee Koti alitolewa, koti likiwa begani, akauliza kwanza kama ufunguo wa stoo uko salama. Bi Funguo alimwomba radhi mbele ya askari wote, kwa sauti ya kusikika. Mzee akasema, "Yameisha, binti yangu," naye akasema hapana, hayajaisha, akamwomba radhi tena.

Kisha akaomba kumwona mdogo wake. Askari alikuwa akimfungia mlango wa mahabusu, mlango wa nondo na kufuli kubwa la zamani. Alilibana, akageuka kuondoka. Mkono wa Bi Funguo ukaenda wenyewe. Akalivuta mara moja. Akalivuta mara ya pili, na hapo ndipo alipotambua alichokuwa akifanya.

"Limefunga, dada," akasema mdogo wake kutoka ndani.

"Najua," akajibu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mkono ulikuwa bado umelishika lile kufuli.