Mzee Tenga Bado Yuko Ng'ambo Hii

Umeme unarudi Ifakara saa nne asubuhi, na kitu cha kwanza anachofanya Evelina si kuwasha feni wala friji ya soda. Anawasha mashine ya gemu iliyo kona, anashika pedi ya kuchezea, anakaza macho kwenye televisheni. Pale kuna mzee mfupi mwenye kofia ya majani na tenga mgongoni. Amesimama ukingoni mwa mto, hasogei.

“Yupo,” anasema, kisha anaweka pedi chini na kwenda kufungua madirisha.

Evelina Hermenegildi, mwenye umri wa miaka 39, anaendesha banda la gemu nyuma ya soko. Ana televisheni tatu, mabenchi ya mbao na tangazo la mkono ukutani linalosema mwanafunzi mwenye sare haingii hata abembeleze vipi. Siku njema anaondoka na shilingi elfu kumi na tano. Siku ya umeme wa kusuasua anaondoka na funguo zake tu.

Wateja wake ni vijana, na vijana wanataka mpira. Kwa hiyo walipomwona akiuza magunia mawili ya mpunga ili anunue mkusanyo wa gemu za zamani, zile za kuruka mashimo na kuokota matunda, zilizotolewa upya kuadhimisha miaka thelathini tangu zitoke, walimcheka bila huruma.

Hawakujua kwamba hakuwa amezinunua kwa ajili yao. Alizinunua ili amrudishe kaka yake nyumbani.

Kaka huyo ni Stanislaus, mwenye miaka 44, mkulima wa Masagati, mbele ya Mlimba. Mkewe, Merina, alifariki miaka miwili iliyopita. Watoto wao wana miji yao. Stanislaus analima peke yake, anapika peke yake, na masika barabara ikiharibika anaweza asipatikane hata kwa simu kwa wiki nzima.

“Nimemfuata huko mara mbili,” anasema Evelina. “Nikamwambia, kaka, chumba kipo, njoo tusaidiane banda. Akaniuliza, mjini nifanye nini? Akanipa kuku, akanisindikiza, basi. Mimi naogopa. Akiugua kule, nani atajua?”

Anasema hivyo huku akifuta televisheni ambayo haina vumbi.

Maneno yaliposhindwa, akakumbuka gemu. Walipokuwa wadogo, mjomba wao aliyefanya kazi kwenye treni aliwaletea mashine ya kuchezea na kaseti moja iliyobanduka karatasi yake ya jina. Jina halisi la gemu hawakulijua, wakaiita Mzee Tenga. Watoto wa mtaa mzima walijazana sebuleni kwao. Sheria ilikuwa moja: ukiangukia shimoni au ukiumwa na nyuki, umekufa, unampa mwenzako pedi. Tatizo la sheria hiyo ni kwamba Stanislaus alikuwa hafi.

Ni yeye aliyemfikisha mzee mtoni kwa mara ya kwanza. Pale Mzee Tenga akasimama. Muziki wake wa mluzi uliendelea, maji yalitiririka, lakini bonyeza huku, bonyeza kule, mzee hakuondoka.

Mtoto wa mji mwingine angesema kaseti mbovu, akazima. Watoto wa Ifakara walikuwa na akili nyingine. Bibi yao alikuwa akiishi upande wa Ulanga, na enzi hizo Mto Kilombero haukuwa na daraja. Kwenda kwa bibi maana yake ilikuwa kufika Kivukoni na mizigo, kusimama ukingoni na kusubiri kivuko. Mtu aliyefika mtoni akasimama, wao walimwelewa vizuri kabisa.

“Tukakaa kimya,” anasimulia Evelina, akicheka mpaka anashika ubavu. “Tunasubiri pantoni lije limchukue Mzee Tenga! Siyo utani, ndugu mwandishi. Nikamwuliza kaka, mbona linachelewa? Akaniambia, nyamaza, labda liko ng'ambo linapakia.”

Walisubiri mpaka jioni. Mama yao aliporudi shambani aliuliza kwa nini televisheni inawaka na hakuna anayecheza. Wakamweleza. Mama, aliyeijua Kivukoni kuliko wao, hakugomba. Alisema, “Haya, likija mniite.”

Halikuja. Kila likizo walimfikisha mzee mtoni, wakasubiri, umeme ukakatika. Mwishowe mashine ikafa, mama akafariki, Stanislaus akaoa na kuhamia Masagati. Daraja la Kilombero likajengwa, na leo magari yanavuka bila hata kupunguza mwendo.

Mapema mwaka huu Festo, kijana wa Kidatu anayemwekea Evelina gemu mpya, alikuwa akipitia matangazo kwenye simu yake pale bandani.

“Nilisikia ule mluzi kabla sijaona picha,” anasema Evelina. “Nikamwambia Festo, hiyo hiyo! Niwekee.”

Kucheza upya hakukuwa rahisi, mikono imekuwa mizito na nyuki ni walewale. Lakini waliotengeneza mkusanyo huu wamewafikiria watu wazima. Unaweza kuhifadhi mahali ulipofika, na kuna kitufe cha kurudisha nyuma. Ukidumbukia shimoni, unakibonyeza na mzee anapaa kinyumenyume hadi juu, kana kwamba hakuwahi kuanguka. Ponsiano, dereva wa bodaboda asiyekosa bandani, anakiita kitufe hicho wizi. Evelina anakiita huruma.

Baada ya siku kadhaa za huruma hiyo, akafika mtoni. Na alipofika, mwanamke huyu mwenye watoto watatu na leseni ya biashara aliweka pedi mapajani, akaanza kusubiri.

Ponsiano, aliyekuwa akingoja zamu ya mpira, uvumilivu ukamwishia. Akainama, akabonyeza kitufe cha chini na kukishikilia. Mzee Tenga akapiga magoti. Akavua tenga, akalifumua, akaanza kutandika fito zake juu ya maji moja moja mpaka zikafika upande wa pili. Festo alikuja kueleza baadaye kwamba kaseti yao ya utotoni ilikuwa imechakachuliwa, gemu imekatwa palepale mtoni.

“Nililia,” anasema Evelina bila kuficha. “Ponsiano akadhani ameniharibia gemu, akaanza kuomba msamaha.”

Mzee alikuwa ameshakanyaga ufito wa kwanza. Evelina akakwapua pedi, akabonyeza kitufe cha kurudisha nyuma na kukishikilia. Fito zikarudi, tenga likajisuka, mzee akasimama tena ukingoni. Akamhifadhi hapo.

“Tulisubiri wawili,” anasema. “Siwezi kuvuka peke yangu.”

Jioni hiyo akampigia kaka yake.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba, mdogo wangu. Kwema?”

Evelina akaisogeza simu kwenye televisheni, mluzi ukasikika.

“Pantoni limekuja?” Stanislaus akauliza.

“Halijaja, kaka. Kuna njia nyingine. Lakini sijavuka.”

“Usivuke,” akasema. “Ngoja nimalize kuvuna.”

Gazeti hili lilimpata Stanislaus kwa simu akiwa amepanda kichuguu kutafuta mtandao. Anakiri kwamba nusu ya mpunga imeshaingia ndani, lakini hataki kuahidi makubwa.

“Naenda kumvusha yule mzee, basi,” anasema. “Akishavuka, nitarudi.” Kisha anauliza, kwa sauti ya mtu anayejifanya hana haja ya jibu, “Hivi huko ng'ambo kuna hatua nyingi?”

Zipo nyingi mno. Evelina alishamwuliza Festo, na jibu lilimfurahisha. Kaka yake, anasema, hana tena mikono ya zamani. Atakufa kwa nyuki, ataanguka mashimoni, hatazimaliza kwa wiki wala kwa mwezi. Na kitufe cha huruma hatamwonyesha.

Pedi ya pili ameshanunua. Kitanda pia.

Mchana banda limejaa. Mteja mgeni anaitazama mashine ya kona, anauliza kwa nini yule mzee hasogei. Ponsiano anajibu bila kuondoa macho kwenye mpira wake.

“Anasubiri pantoni. Liko Masagati, linapakia.”